Pop ni kiti, wakaaji hupishana

Muulize Mtanzania wa makamo muziki wa pop ni upi, aghalabu atakutajia majina ya ng'ambo: Michael Jackson, Madonna, Celine Dion, pengine na Westlife. Muulize kama Saida Karoli naye alikuwa mwanamuziki wa pop, atacheka. Yule ni wa muziki wa asili, atakujibu; alipiga ngoma na kuimba Kihaya, pop inaingiaje hapo?

Basi tuutazame wimbo wenyewe. "Maria Salome", ambao wengi wanaujua kwa maneno yake ya "chambua kama karanga", ulivuma mwaka 2001. Ulipigwa kwenye daladala, kwenye baa, kwenye harusi na kipaimara, na watu wasiojua Kihaya waliuimba mwanzo hadi mwisho, kila mmoja na matamshi yake. Ulivuka hadi Uganda, ambako Wanyankole waliuelewa kuliko sisi wa Dar es Salaam. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakauchukua, wakautengeneza upya studio, wakauita "Salome", na safari hii hakuna aliyeuita wa asili. Miaka 15 tu katikati. Wa kwanza tuliuweka kwenye rafu ya ngoma za kienyeji, wa pili kwenye rafu ya muziki wa kisasa, ingawa kwa kuenea na kupendwa ule wa kwanza haukuwa nyuma hata kidogo.

Mkanganyiko huu unatokana na kulitumia jina moja kwa mambo mawili. Kuna pop ya mtindo: sauti laini, kiitikio kinachonasa, kinanda, dakika tatu, mapenzi. Na kuna pop ya hali: muziki ambao kwa wakati fulani unasikilizwa na watu wengi wasiofanana, bosi na kondakta, bibi na mjukuu. Hiyo ya mtindo ndiyo inayotufanya tuione pop kuwa mali ya Wazungu. Hii ya hali ndiyo inayosaidia mtu akitaka kuelewa kwa nini muziki haukai mahali pamoja, na ndiyo nitakayoishika hapa. Pop ni kiti, wakaaji hupishana. Maswali yenye uzito ni nani anayeamua kwamba huyu amekaa, anapima kwa kitu gani, na kipimo hicho kinamlazimisha mwimbaji afanye nini.

Marekani walipohesabu upya

Nitaanzia Marekani kwa sababu kule kipimo kimeandikwa, kila wiki, kwa miaka mingi. Chati ya Hot 100 ya jarida la Billboard ilianza Agosti 1958, lakini jarida hilo lilikuwa likipanga nyimbo tangu zamani, na lilikuwa na orodha ya pembeni kwa ajili ya muziki wa Wamarekani Weusi. Orodha hiyo iliitwa Race Records hadi mwaka 1949, ilipobadilishwa jina ikawa Rhythm & Blues. Mgawanyo huo haukufuata mdundo. Ulifuata rangi ya mtu aliyedhaniwa kuwa ndiye mnunuzi. Big Mama Thornton alipotoa "Hound Dog" mwaka 1953, iliongoza orodha ya Weusi kwa wiki saba. Elvis Presley akaiimba mwaka 1956, ikaongoza orodha ya pop, ya kantri na ya rhythm and blues kwa mpigo. Wimbo haukuwa pop hadi ulipoimbwa na mtu ambaye mlango mkubwa ulikuwa wazi kwake.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha mwaka 1991. Hadi wakati huo chati ya albamu ilitengenezwa kwa kuwapigia simu wenye maduka na kuwauliza ni zipi zinazouzika. Mwenye duka alijibu kwa kumbukumbu zake, kwa mapenzi yake, na wakati mwingine kwa kuwa ofisa wa kampuni ya muziki alikuwa amempitia na zawadi. Mei 1991 Billboard ikaacha utaratibu huo ikaanza kutumia SoundScan, mfumo uliosoma mistari ya bei kwenye kaunta. Kila kasha lililouzwa likahesabika, la nani na wapi.

Matokeo yaliwashtua watu wa biashara. Mwezi Juni kundi la rap la N.W.A, ambalo redio kubwa hazikutaka hata kulitaja, albamu yake ikashika namba moja. Septemba Garth Brooks, mwimbaji wa kantri, akaingia moja kwa moja namba moja na albamu mpya, jambo ambalo mtu wa kantri hakuwahi kulifanya. Wamarekani hawakubadili ladha kati ya Aprili na Juni. Vijana wa mijini walikuwa wakinunua rap siku zote, na watu wa mashamba walikuwa wakinunua kantri siku zote. Ni kwamba aliyeshika kalamu hakuwa akiwaona. Kuhesabu kulipobadilika, kampuni zikajua fedha ziko wapi, zikahamisha matangazo, redio zikafuata, na miaka kumi baadaye rap ndiyo iliyokuwa pop yenyewe.

Mvutano haukuishia hapo. Mwaka 2019 Billboard iliiondoa "Old Town Road" ya Lil Nas X kwenye chati ya kantri kwa hoja kwamba haina vionjo vya kutosha vya kantri. Wimbo ukapanda kwenye chati kuu ukakaa namba moja kwa wiki 19. Waliofuatilia historia ya zile orodha za rangi hawakushangaa sana.

Upande A, upande B

Kwetu hapakuwa na chati ya namna hiyo. Kulikuwa na vyombo, na kila chombo kilikuja na masharti yake.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake wa Unguja walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Taarabu ya kasri ya Sultani ilizoea kuimbwa Kiarabu. Siti aliimba Kiswahili, mambo ya mjini, kesi za mahakamani, dhuluma za wakubwa. Santuri zake zilisambaa mwambao mzima na kuingia bara. Lakini santuri ya wakati ule ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Taarabu ukumbini haina haraka: udi na fidla hupewa nafasi, shairi hurudiwa, wasikilizaji hujibu. Mbele ya mashine ya Bombay ilibidi mambo yabanwe. Kwa hiyo ule wimbo mfupi tunaouona kuwa tabia ya pop ulianza kama kikomo cha kifaa, na masikio yakaja kuuzoea.

Miaka ya 1960 na 1970 kikomo hicho kilikutana na muziki wa dansi, na hapo pakatokea kitu ambacho mimi nakipenda. Wimbo wa dansi ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza polepole, mwimbaji asimulie kisa chake, waitikiaji wamsindikize. Kisha magitaa yanashika kasi, tarumbeta zinaingia, watu wanaacha meza: hiyo ndiyo chemko. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wa kujitambulisha, NUTA Jazz na Msondo, Western Jazz na Saboso, Mlimani Park na Sikinde, Maquis na Kamanyola. Bendi za Tanzania zilipokwenda Nairobi kutoa sahani za santuri ndogo, wimbo haukuenea upande mmoja. Basi ukakatwa: Part 1 kisa, Part 2 chemko. Mwenye baa aliyetaka watu wacheze aligeuza sahani moja kwa moja upande B. Aliyekuwa nyumbani na mawazo yake alibaki upande A. Sahani moja, wasikilizaji wawili, na ukisikiliza kazi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz utasikia mtu anayejua fika kwamba anawaimbia wote wawili.

Nairobi ilikuwa ndiyo karakana ya ukanda mzima. Hapo ndipo Fadhili William alipoirekodi "Malaika", wimbo ambao umiliki wake bado unabishaniwa na ambao Miriam Makeba aliupeleka duniani. Hapo ndipo Wakongo kama Samba Mapangala walipotia rumba maneno ya Kiswahili. Na kutoka hoteli za pwani ya Kenya Them Mushrooms walitoa "Jambo Bwana" mwanzoni mwa miaka ya 1980, wimbo uliotungwa kwa ajili ya masikio ya mtalii, Boney M. wakaunakili. Leo mgeni akijua wimbo mmoja wa Kiswahili, ndio huo. Kuna pop ya namna hiyo pia, ya kuwauzia wageni picha yetu, na haina dhambi ila inachosha.

Redio moja, kamati moja

Huku Tanzania Bara hali ilikuwa tofauti. Kuanzia mwaka 1965 hadi katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. RTD ndiyo iliyorekodi bendi, ndiyo iliyotangaza, ndiyo iliyohifadhi kanda. Mwanamuziki aliingia studio, akapiga, akatoka. Kanda ikabaki ya redio. Umaarufu ulipatikana hewani, fedha zilipatikana mlangoni mwa ukumbi, na wengi walikuwa waajiriwa wa mashirika: chama cha wafanyakazi kilikuwa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na bendi, polisi nao. Kipimo cha kupendwa kilikuwa kadi za salamu na barua za kuomba nyimbo, pamoja na foleni ya Jumamosi usiku.

Kabla ya kurekodi, mashairi yalipita mbele ya kamati. Hapa ndipo pa kuwajibu wazee wanaosema nyimbo za zamani zilikuwa na ujumbe na za sasa ni matusi. Ujumbe ulikuwepo, sibishi. Lakini mtu akijua kwamba bila kibali cha kamati hatasikika kabisa, ataweka ujumbe. Aliyekuwa na jambo la hatari alilifunga kwenye fumbo, na mafumbo hayo ndiyo yaliyotupa baadhi ya mashairi bora kabisa ya dansi. Kwa hiyo siwezi kusema kamati ilikuwa hasara tupu. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyeifanya Dar es Salaam kuwa kwao, hakufumba. "Mambo kwa Soksi", wimbo wake wa kuhimiza kondomu wakati UKIMWI unaua watu mitaani, redio haikuupiga. Ulienea kwa kaseti na kwa kumbi. Ni mfano wangu ninaoupenda wa wimbo uliokalia kiti bila kupita mlango rasmi, na uliwezekana kwa sababu kaseti, tofauti na santuri, yeyote mwenye redio kaseti mbili aliweza kuizalisha sebuleni kwake.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa zilipendwa husahau. Nyimbo tunazosikia leo ni zile zilizochujwa na miaka. Zile za hovyo za mwaka 1974 hazipigwi na mtu, kwa hiyo tunadhani hazikuwepo. Na muziki uliopendwa na vijana wa wakati ule nao ulitukanwa wakati ule: mwaka 1969 mamlaka za Dar es Salaam zilipiga marufuku soul, muziki wa James Brown na wenzake, kwa madai kwamba unawaharibu vijana na si utamaduni wetu.

Noti za ukumbini

Taarabu ilikwenda njia yake, na kipimo chake ni cha wazi kuliko vyote. Mwanamke anapoguswa na ubeti, au anapotaka jirani yake aguswe, anainuka na noti mkononi, anacheza taratibu hadi mbele, anamtuza mwimbaji huku akiangalia upande anaoujua yeye. Hapo mwimbaji na bendi wanapata taarifa ya papo kwa papo kuhusu ubeti gani unalipa. Miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano viliposhindana, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, ubeti uliolipa ni ule wenye ncha. Mipasho ikashamiri. Fidla zikapungua, vinanda vya umeme vikaongezeka, kwa sababu vinanda ni rahisi kubeba na sauti yake inapenya kelele za ukumbi. Wataalamu wa taarabu asilia walilalamika sana, na kwa masikio yangu wana hoja kuhusu fidla. Kuhusu maneno sikubaliani nao. Siti mwenyewe alikuwa akiwasema watu.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Kwenye vigodoro, zile ngoma za usiku za uswahilini kama Manzese na Tandale, madijei walichukua vipande vya kinanda vya taarabu ya kisasa, wakavizungusha, wakaviharakisha, na vijana wakashika kipaza sauti kuchana juu yake. Kasi ikapita mapigo 200 kwa dakika. Ndiyo singeli. Mwaka 2016 "Hainaga Ushemeji" ya Man Fongo ikavunja ukuta na kuingia redio kubwa, na mwaka uliofuata studio ya Sisso ikawa na albamu ya mkusanyiko iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, madijei wa Mburahati wakaanza kuitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Huko Ulaya singeli inauzwa kama muziki wa majaribio kwa wasikilizaji wachache wenye masikio ya pekee. Kwa watu wa Mbagala ni muziki wa shughuli ya kumtoa mwali. Muziki uleule ni pop mahali pamoja na si pop mahali pengine, na anayesema ni wa aina fulani kwa asili yake anipe maelezo.

Waliokuja bila bendi

Radio One ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na redio nyingine za binafsi zikafuata. Zilihitaji kujaza saa 24, zilihitaji vijana kwa ajili ya watangazaji wa biashara, na hazikuwa na mkataba wowote na bendi za mashirika. Wakati huohuo kompyuta zikaingia studio. Kijana asiye na gitaa, asiye na bendi wala mwajiri, aliweza kwenda kwa mtayarishaji kama Master Jay au P-Funk Majani akatoka na wimbo. Gharama ya kuwa mwanamuziki ilianguka ghafla, na bongo fleva ikazaliwa katika anguko hilo.

Mwanzo iliitwa uhuni, kama ilivyoitwa soul kabla yake na kama itakavyoitwa singeli baada yake. Kisha Mr. II, Sugu, akaanza kuimba maisha ya kijana wa mtaani, na Professor Jay mwaka 2001 akatoa "Ndio Mzee", ahadi za mwanasiasa zikiitikiwa na umati unaokubali kila kitu. Wazee wakaanza kusikiliza. Wote wawili baadaye wakawa wabunge, Sugu wa Mbeya Mjini na Jay wa Mikumi. Ni nadra kuona uhuni ukisafishwa haraka hivyo.

Ila ugomvi wa maana ulikuwa wa ndani. Mr. Nice alitokea na mtindo alioutaja Takeu, yaani Tanzania, Kenya, Uganda, akaimba nyimbo kama "Fagilia" zilizojaa michezo ya watoto na midundo ya ngoma zetu. Aliuza mno. Wanahip-hop walimdharau mno. Walisema anaimba vitu vya watoto wa chekechea. Tukiwa wakweli, yeye ndiye aliyeelewa kwamba soko lake si wanafunzi wa sekondari wa Dar es Salaam peke yao, ni mama wa Kisumu na dereva wa Mwanza pia, na kwamba wimbo wa kuwavuka wote hao lazima uwe na maneno machache na mwili mwingi. Hip-hop ya Kiswahili ya miaka ile imezeeka vizuri kuliko Takeu, hilo ni kweli kwangu. Lakini tukipima kwa kiti, Mr. Nice alikaa.

Fedha hazikufuata umaarufu. Msanii aliuza haki ya kaseti kwa msambazaji wa Kariakoo kwa malipo ya mara moja, na kilichouzwa baada ya hapo hakikumhusu. Redio zilipiga bila kulipa mirabaha ya maana, na palikuwa na manung'uniko ya siku zote kwamba baadhi ya watangazaji nao walitaka kulipwa ili wapige. Kisha CD za kuchoma zikaja, kisha memori kadi: unakwenda kibandani na simu yako, unalipia kidogo, unajaziwa nyimbo mia. Kwa msikilizaji ilikuwa neema. Kwa msanii ilibaki shoo. Ndiyo sababu nyimbo za miaka ile zina majina ya mikoa, zina salamu kwa kila mji: zilitungwa zikitazama jukwaa la Mwanza au Arusha.

Sekunde 30

Mlango uliopo sasa ni simu yenye intaneti, na masharti yake ni magumu kuyaona kwa sababu hayana uso wa mtangazaji wala wa kamati.

Chukua Spotify, iliyofika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi mwaka 2021. Wimbo unahesabika umesikilizwa ukifika sekunde 30. Haijalishi una dakika mbili au nane, hesabu ni moja. Fedha zinazokusanywa hugawanywa kwa uwiano wa hesabu hizo. Sasa piga hesabu ya saa moja ya msikilizaji. Nyimbo za dakika nane, zile za polepole kisha chemko, zinaingia saba. Nyimbo za dakika mbili na nusu zinaingia 24. Mtunzi hahitaji kuambiwa na mtu afupishe. Tena sekunde 30 za mwanzo zikipotea kwenye gitaa la utangulizi, msikilizaji anaruka, na kuruka kwake ni taarifa kwa mashine kwamba wimbo huu usipendekezwe kwa wengine. Kwa hiyo kiitikio kimehamia mwanzo. Ubeti wa tatu umekufa. Part 1 imetupwa, imebaki Part 2.

TikTok imekwenda mbali zaidi: pale kinachosafiri ni kipande cha sekunde 15 ambacho watu wanakichezea. Wapo wasanii wanaotoa kipande kwanza, wakiona watu wamekidaka ndipo wanakamilisha wimbo. Wapo wanaoharakishiwa sauti na mashabiki hadi wakafanana na panya wa katuni, na toleo hilo ndilo linalovuma. Lile swali la nani mtunzi, ambalo kwenye "Malaika" limesumbua watu kwa miongo, sasa linajirudia kila wiki kwa kasi.

Jiografia nayo imeingia kwenye utunzi. Tangazo la YouTube linalotazamwa Tandahimba linalipa kidogo kuliko linalotazamwa London, na hiyo ni sababu mojawapo ya wakubwa wetu kutafuta kolabo. Diamond alipoirudia "Number One" na Davido wa Nigeria, alipata masikio ya Afrika Magharibi na nafasi kwenye televisheni za muziki za bara zima. Mwaka 2024 "Komasava" yake ikaingia na salamu ambazo mtu wa Paris, Kinshasa au Bujumbura anazidaka bila mkalimani, juu ya midundo ya amapiano ya Afrika Kusini, na toleo lake jingine lina Jason Derulo wa Marekani. Wakosoaji wanauliza Utanzania uko wapi. Swali halali, ila waliuliza vilevile kuhusu rumba ya Cuba na Kongo kwenye dansi ya miaka ya 1960, na leo Sikinde na Msondo ndio mfano wetu wa Utanzania.

Ninachokiona kuwa kigeni kweli katika zama hizi ni kingine. RTD ilipopiga wimbo, nchi nzima iliusikia saa ileile, aliyeupenda na aliyeuchukia. Leo kila mtu anapewa orodha yake. Mashabiki wa Diamond, Alikiba na Harmonize wanagombana mtandaoni kuhusu watazamaji wa YouTube, wakituhumiana kununua, lakini wengi wao hawajausikiliza wimbo wa upande wa pili hadi mwisho. Kila jukwaa lina chati yake: YouTube, Spotify, Apple Music, Boomplay, Audiomack. Wimbo unaweza kuongoza Boomplay usionekane Apple Music, kwa kuwa simu za watu hao ni tofauti, na vifurushi vyao pia. Pop kwa ile maana ya bosi na kondakta pamoja imekuwa adimu kuliko wakati wowote tangu redio iingie.

Na bado kuna hesabu isiyoandikwa. Jumamosi yoyote, dijei wa shughuli Mbagala au Tandika anafika na laptopu na flashi, nyimbo amerushiwa na wenzake kwa WhatsApp, singeli tupu hadi alfajiri, mtaa mzima unaujua kila mstari. Hakuna jukwaa linalosajili hata mpigo mmoja wa usiku ule. Dijei analipwa na mwenye shughuli, mwenye spika analipwa, MC anatuzwa. Mwimbaji wa singeli anayetaka hesabu yake ionekane anafanya kile ambacho wengi wao sasa wanafanya: anamtumia dijei wimbo mwenyewe, bure, jina lake na namba ya simu ya kumwalika shoo zikiwa zimetajwa ndani ya mashairi.